Cha Kaisari ni Kipi?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa waumini na wanaharakati wa mageuzi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya neno moja la Yesu ambalo katika nchi yetu limetajwa mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Ni lile jibu alilowapa waliomwuliza habari ya kodi, kwamba Kaisari apewe vilivyo vya Kaisari, naye Mungu apewe vilivyo vya Mungu. Sisi si wanatheolojia. Kazi yetu ni sheria, na kazi ya wakili ni kuyasoma maneno kwa makini na kuuliza: yalisemwa na nani, yaliambiwa nani, katika hali gani, na yanaacha nini bila kusemwa. Kwa ujuzi huo mdogo tutalisoma neno hili pamoja nanyi, na mkiona tumepotoka mtatusahihisha.

Tumelichagua kwa sababu limefanywa kufuli la kufungia vinywa vya waumini. Katika miaka ya chama kimoja, kila kiongozi wa dini aliposimama kusema juu ya dhuluma, hakukosekana mwanasiasa wa kumkumbusha kwamba siasa ni ya Kaisari na madhabahu ni ya Mungu. Mchungaji Timothy Njoya alipohubiri siku ya kwanza ya mwaka 1990 kwamba kilichoziangusha tawala za Ulaya Mashariki kingeweza kuzifikia tawala za chama kimoja za Afrika, alishambuliwa kana kwamba amefanya uhaini. Askofu Henry Okullu naye alipodai mfumo wa vyama vingi mwaka huohuo, aliambiwa avue kanzu aingie siasani. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kisheria kuwa nchi ya chama kimoja mwaka 1982, kiliondolewa Desemba 1991. Lakini ile tafsiri ya neno la Yesu iliyokilinda haikuondolewa pamoja nacho. Tunaisikia hata leo, na inatubidi tuulize kama ni tafsiri halali.

MTEGO NA WALIOUTEGA

Tuanze na tukio lenyewe, kama lilivyoandikwa katika sura ya 12 ya Marko, ya 22 ya Mathayo na ya 20 ya Luka. Waliokuja kuuliza ni Mafarisayo pamoja na wafuasi wa Herode, makundi mawili yasiyopatana kwa kawaida. Swali lao lilikuwa fupi: je, ni halali kumlipa Kaisari kodi, au si halali?

Wanasheria hulijua swali la namna hiyo. Ni swali la kumfunga shahidi, linalotaka ndiyo au la, na kila jibu lina adhabu yake. Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Rumi ilipoitwaa Uyahudi chini ya utawala wake wa moja kwa moja, ilihesabu watu na mali ili itoze kodi, na mtu mmoja aitwaye Yuda Mgalilaya akaongoza uasi. Mwanahistoria Yosefo ameandika kwamba kundi lake halikukubali bwana mwingine ila Mungu. Uasi huo ulizimwa, lakini waliomzunguka Yesu hekaluni hawakuwa wameusahau. Akisema kodi ilipwe, umati uliokuwa ukielemewa nayo ungemwona msaliti. Akisema isilipwe, Pilato angempokea siku hiyohiyo kama mwasi.

Yesu hakujibu papo hapo. Aliomba aonyeshwe dinari. Zingatieni kwamba yeye hakuwa nayo, ila wao walikuwa nayo, tena ndani ya viwanja vya hekalu. Dinari ya siku zile ilikuwa na kichwa cha Tiberio, na maandishi yaliyomtaja kuwa mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Wale waliojidai kuwa na dhamiri nyepesi juu ya kodi walikuwa wamekwisha kubeba mfukoni sanamu na kufuru. Kisha akawauliza sura ile na maandishi yale ni ya nani. Wakasema ni ya Kaisari. Hapo ndipo akatoa lile jibu, nao wakastaajabu.

MANENO YENYEWE

Sasa tuyatazame maneno yenyewe, maana hapo ndipo utata ulipo.

Kwanza, kitenzi. Wao waliuliza kama inafaa kutoa. Katika Kigiriki cha Injili, Yesu anajibu kwa kitenzi kingine, kinachotumika kwa kurudisha kitu kwa mwenyewe au kulipa deni. Basi swali lilikuwa la kutoa, na jibu likawa la kurudisha. Mtu hurudisha kile tu alichopokea, na hurudisha kwa yule tu mwenye haki nacho. Kwa hiyo, ndani ya amri yenyewe limefichwa swali la umilikaji.

Pili, kiungo. Kati ya sehemu mbili za jibu kuna neno "na". Hakusema "lakini", wala hakusema "kwa upande mwingine". Wanaotumia neno hili kujenga ukuta kati ya kanisa na dola huuona ukuta mahali palipoandikwa "na". Hatudai kwamba kiungo kimoja kinamaliza kesi. Tunasema tu kwamba ukuta huo haukujengwa na maandiko, na anayeudai ana mzigo wa kuuthibitisha.

Tatu, orodha. Sheria yoyote inayogawa mali huweka orodha, kwamba fulani atapata hiki na fulani atapata kile. Yesu hakuweka orodha. Hakutaja kilicho cha Kaisari zaidi ya ile sarafu iliyokuwa mkononi, wala hakutaja kilicho cha Mungu. Aliwaachia wasikilizaji kazi ya kupambanua, nao walikuwa Wayahudi waliofundishwa tangu utoto kwamba dunia na vyote viijazavyo ni vya Bwana.

TAFSIRI TATU

Kutokana na utata huo zimezaliwa tafsiri nyingi, nasi tutazipanga katika makundi matatu.

Ya kwanza ni tafsiri ya maeneo mawili. Inasema kwamba Mungu ameweka tawala mbili, moja ya roho na moja ya mwili, na kila moja ikae kwake. Martin Luther aliandika juu ya mamlaka ya dunia mwaka 1523 kwa fikira za aina hiyo. Tuwe waadilifu: Luther hakukusudia kumpa mtawala uhuru usio na mipaka, maana katika maandishi hayohayo alikana kwamba mtawala ana mamlaka juu ya imani ya mtu. Lakini mikononi mwa watawala wa baadaye mpaka uligeuka wa upande mmoja tu, Kaisari akaingia kanisani apendapo, na kanisa likakatazwa kuingia kwa Kaisari.

Ya pili ni tafsiri ya kukataa. Inasema kwamba, kwa kuwa vyote ni vya Mungu, Kaisari habakiziwi kitu, na jibu la Yesu lilikuwa fumbo la kuikataa kodi. Si tafsiri ya leo tu. Katika sura ya 23 ya Luka, washitaki mbele ya Pilato walidai kwamba Yesu aliwazuia watu kumlipa Kaisari kodi. Luka anaonyesha kwamba mashitaka yale yalikuwa ya kupotosha, lakini yanatuonyesha jinsi neno lile lilivyoweza kusikiwa. Sisi tunaona vigumu kuipokea tafsiri hii. Kama angetaka kusema kodi isilipwe, asingetumia kitenzi cha kulipa deni mbele ya sarafu ile.

Ya tatu ni tafsiri ya sura, nayo ina asili yake hapa Afrika. Tertuliani wa Karthago, katika Afrika ya Kaskazini, aliyeandika karibu na mwaka 200, aliitazama ile sarafu na kukumbuka sura ya kwanza ya Mwanzo, ambapo mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba kilicho na sura ya Kaisari kirudi kwa Kaisari, ambacho ni fedha, na kilicho na sura ya Mungu kirudi kwa Mungu, ambaye ni mtu mwenyewe. Kabla yake, katikati ya karne ya pili, Yustino alikuwa amemwandikia mfalme wa Rumi kwamba Wakristo hulipa kodi kwa uaminifu, ila ibada ni ya Mungu peke yake.

Tafsiri hii ndiyo inayotushawishi, kwa sababu inayapa maana maneno yote. Inampa Kaisari kitu halisi, na inaonyesha kikomo chake. Yeye aliyeuliza sura ni ya nani alijua kwamba waliosimama mbele yake walikuwa na sura nyingine iliyochapwa juu yao tangu uumbaji.

HOJA YA WAPINZANI

Wakili asiyeitaja hoja nzito ya upande wa pili hajaitumikia mahakama. Wapinzani wetu husema hivi: utawala wa Rumi ulikuwa wa kigeni, haukupigiwa kura na mtu yeyote Yerusalemu, na hata hivyo Yesu alikubali kodi yake. Basi ninyi mwaweza namna gani kuisumbua serikali yenu wenyewe, iliyochaguliwa? Tena Paulo, katika sura ya 13 ya Warumi, ameagiza utii.

Tunajibu kwamba kulipa kodi na kunyamaza ni mambo mawili. Yesu huyuhuyu, wiki hiyohiyo, alipindua meza za wavunja fedha hekaluni, na kabla ya hapo alikuwa amemwita Herode mbweha. Paulo huyuhuyu, alipopigwa na kufungwa bila hukumu huko Filipi, alikataa kutolewa kwa siri. Alitaja uraia wake na kuwataka wakuu wa mji waje wenyewe kuwatoa. Na alipoona kesi yake inapotoshwa, alidai haki ya rufani kwa Kaisari. Alimtii Kaisari kwa kumdai Kaisari afuate sheria yake mwenyewe. Wakristo wa Afrika Kusini waliotoa Waraka wa Kairos mwaka 1985 waliliona jambo hilo, walipoikosoa teolojia iliyoitumia Warumi 13 kuubariki utawala wa ubaguzi wa rangi.

SARAFU YETU

Tulilete neno hili nyumbani sasa.

Babu zetu walikutana na swali la kodi kabla ya wengi wao kulisoma katika Injili. Serikali ya Kiingereza iliwatoza kodi ya nyumba tangu mwanzo wa karne ya 20, na lengo lake lilikuwa pia kuwalazimisha waende kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoletwa mwaka 1921 ilikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, malalamiko yake yalikuwa juu ya kodi, kipande na mishahara iliyopunguzwa, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi, akiwamo Mary Muthoni Nyanjiru. Hawakuwa wakibishana juu ya sarafu. Walikuwa wakiuliza kama mwili wa mtu na kazi ya mikono yake ni mali ya Mfalme George.

Uhuru ulipokuja, kichwa kilibadilika lakini desturi ikabaki. Sarafu zetu zilikuwa na sura ya Rais wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Sisi tulio katika miaka ya arobaini tulikunywa maziwa shuleni tukiwa watoto, yale ya mpango ulioanza mwaka 1979, na tulimshukuru Rais kwa nyimbo. Hatukuambiwa kwamba yalitokana na fedha za umma, wakiwamo wazazi wetu waliolipa ushuru sokoni. Hivyo ndivyo Kaisari anavyojengwa. Hukipokea kilicho cha watu, hukitia sura yake, kisha hukigawa kama zawadi.

Ndiyo maana tunaliona jambo kubwa katika ibara ya 231 ya Katiba ya mwaka 2010. Wakenya waliamua kwamba noti na sarafu zaweza kubeba picha zinazoiwakilisha Kenya, lakini zisiwe na picha ya mtu binafsi. Sarafu mpya zilitolewa Desemba 2018. Itoeni shilingi moja mfukoni mwenu muitazame. Upande mmoja mtaona twiga, na upande wa pili nembo ya taifa. Katika shilingi tano yupo faru, katika kumi simba, katika ishirini tembo.

Yesu akituuliza leo sura hii ni ya nani, tutajibu nini? Hatuwezi tena kusema ni ya fulani. Tutasema ni ya nchi. Na ibara ya kwanza ya Katiba inatuambia nchi ni nani, kwa kuwa mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, na waliopewa ofisi wanayashika kwa niaba yao. Hatusemi kwamba hayo ndiyo aliyoyakusudia Yesu mbele ya Mafarisayo. Tunasema kwamba amri yake ya kurudisha kwa mwenye mali, ikisomwa katika jamhuri, inamgeukia kwanza aliye ofisini. Yeye ndiye aliyeshika mkononi kitu kisicho chake.

YANAYOTUPASA

Yapo mambo manne yanayofuata.

La kwanza, tulipe kodi halali, na tudai hesabu yake. Ibara ya 210 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria, na ibara ya 201 inataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Vijana walioujadili Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, walikuwa wakifanya kazi ambayo wazee wa kanisa tulipaswa kuifanya. Muumini anayelipa bila kuuliza ameitimiza nusu ya amri.

La pili, mwili wa mtu si sarafu. Haki ya kuutesa, kuuteka au kuufisha haikupewa Kaisari yeyote. Vyumba vya mateso vya Nyayo House vilikuwa na madai hayo, kwamba dola yaweza kumchukua mtu mzima-mzima. Akina mama waliokaa Uhuru Park mwaka 1992 wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa walikuwa wakisema, kwa njaa yao, kwamba hawa si wenu, warudisheni. Baada ya watu kuuawa kwa risasi Juni 25, 2024, na vijana kutekwa katika miezi iliyofuata, neno hilohilo lilirudi midomoni mwa wazazi. Kanisa lililonyamaza mbele yao halikumpa Kaisari haki yake, ila lilimpa haki ya Mungu.

La tatu, tuangalie kilicho hekaluni mwetu. Dinari ile ilitolewa mfukoni ndani ya viwanja vya hekalu. Harambee ngapi zimejaza mabati na matofali makanisani mwetu, na ni mara ngapi tumeuliza fedha zimetoka wapi? Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliukataa mchango uliotolewa na Rais katika parokia moja ya jimbo lake. Wapo waliouita uamuzi huo utovu wa shukrani. Sisi tuliuona kuwa ufafanuzi mzuri wa sura ya 12 ya Marko, maana kanisa lililopokea halina kinywa.

La nne linatuhusu sisi wanaharakati, nalo ni chungu kuliko yote. Wengi waliopigania vyama vingi pamoja na wazee wetu waliingia serikalini baada ya mwaka 2002, na baadhi yao walijifunza haraka kuitia sura yao mali ya umma. Harakati nayo inaweza kuwa Kaisari. Tunapomtaka mwanachama atii bila kuuliza, tunapokusanya michango bila kutoa hesabu, tunapomfanya kiongozi wetu asiyekosolewa, tumechapa dinari yetu wenyewe. Kila mweka hazina wa kamati zetu alisikie swali la Yesu kabla hajalipeleka Ikulu.

HITIMISHO

Ndugu zetu, neno hili lina utata, na sasa tunaamini kwamba utata huo uliwekwa kwa makusudi. Kama Yesu angetoa orodha, tungeitumia kujificha, na kila kizazi kingesema kimemaliza kulipa. Badala yake alituachia swali ambalo kila mtu aliyeshika mamlaka, fedha au maisha ya mwenzake lazima alijibu upya.

Basi mtu akija tena kuwaambia kwamba siasa ni ya Kaisari na ninyi rudini kwenye sala, msimkasirikie. Mwombeni awaonyeshe sarafu. Mwulizeni sura iliyomo ni ya nani. Kisha mwonyesheni mtoto aliyesimama karibu naye, mumwulize na huyu sura yake ni ya nani.

Mungu aibariki Kenya, na awatie nguvu wote wanaoitafuta haki.